Mba wa Mbwa: Mafuta Yaende Kwenye Bakuli, Si Mgongoni

Kila ikiingia Juni, maswali ni yale yale. Yanatoka Njombe mjini, Makambako, Wanging'ombe, hata kwa wasomaji wa Mundindi na Liganga kule Ludewa. Mbwa anajikuna usiku kucha mpaka mnyororo unawanyima watu usingizi. Ukimpapasa mgongoni, mkono unarudi na unga mweupe. Manyoya yamefifia, yanakwaruza, na mahali pengine yameanza kunyonyoka. Kisha linakuja swali la mwisho, nalo halibadiliki: "Nimpake mafuta gani?"

Kwa leo usimpake chochote. Soma kwanza, maana wengi wanaouliza swali hilo wameshapaka mafuta ya nazi, ya alizeti, ya parachichi, hata ya kujipaka wenyewe, na mbwa bado anajikuna.

Baridi inasingiziwa

Sikatai kwamba hali ya hewa yetu ina mchango. Mji wa Njombe uko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi ambazo sakitu inaunguza majani ya viazi, na hewa ni kavu. Makambako nako kuna upepo ambao wawekezaji wameutolea macho kwa ajili ya umeme. Hewa kavu na upepo hunyonya unyevu wa ngozi, ya kwako na ya mbwa.

Lakini angalia mbwa wa jirani. Analala kwenye baridi hiyo hiyo na manyoya yake yanang'aa. Baridi huongeza tatizo lililokwishakuwepo; mara chache inalianzisha. Chanzo chenyewe kwa kawaida ni kimojawapo kati ya hivi vitatu, na mara nyingi ni viwili kwa pamoja:

- Wadudu wanaoishi juu ya mbwa au ndani ya ngozi yake.
- Chakula, hasa ugali mtupu siku zote saba za wiki.
- Sabuni, majivu na vitu vingine vikali vinavyomgusa.

Usipojua ni kipi kati ya hivyo, kila dawa utakayonunua ni bahati nasibu.

Ukaguzi wa robo saa

Mtoe mbwa nje kwenye jua la saa nne asubuhi. Mfunge, na mtu anayemzoea amshike kichwa. Chukua kitana chenye meno ya karibu karibu, karatasi nyeupe, kitambaa cheusi na maji kidogo.

1. Fumbua manyoya kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja. Ukiona chenga nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, zidondoshe kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Zikitoa rangi ya wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Huna haja ya kumwona kiroboto mwenyewe ili uamini.

2. Chana mgongo mzima kuelekea mkiani, mba udondoke kwenye kitambaa cheusi. Kitazame juani kwa dakika mbili bila kupumua juu yake. Vipande vyeupe vikianza kutembea, huo si mba. Ni utitiri mdogo unaoishi juu ya ngozi, na hushambulia zaidi watoto wa mbwa na mbwa waliodhoofu.

3. Shika ukingo wa sikio, usugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mguu wake wa nyuma ukianza wenyewe kukuna hewa, shuku upele. Kagua pia viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Upele hupenda sehemu zenye manyoya haba.

4. Nusa masikio na kwapa. Harufu kali ya uchachu, pamoja na mafuta mafuta yanayonata vidoleni, ni dalili ya fangasi wa aina ya hamira au bakteria. Mbwa wa namna hii ndiye anayeumia zaidi akipakwa mafuta.

5. Tazama kuzunguka macho, midomo na nyayo. Ukoko mgumu sehemu hizo kwa mtoto wa mbwa anayekua kwa ugali mara nyingi ni upungufu wa madini ya zinki.

6. Malizia katikati ya vidole. Huko utakuta kupe, na nyakati za vumbi utakuta funza.

Jambo moja wengi hulisahau: waangalie na watoto wa nyumba. Wakiwa na vipele vyekundu vinavyowasha mikononi na tumboni, na hao ndio wanaocheza na mbwa, upele na ule utitiri unaotembea vinapanda juu katika orodha ya washukiwa. Vyote viwili humpata binadamu, ingawa huwa haviwezi kuzaliana kwake kwa muda mrefu. Watoto wakiwa na duara jekundu lenye ukingo unaochomoza, hicho ni choa, na pengine mbwa naye ana mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya.

Ukikuta wadudu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana watu humtibu mbwa na kuiacha nyumba.

Viroboto unaowaona kwenye mbwa ni sehemu ndogo tu ya walio nyumbani kwako. Mayai hudondoka pale mbwa anapolala, yakaanguliwa kuwa viwavi vidogo vinavyojificha kwenye nyufa za sakafu na chini ya magunia, kisha vikajifunga ndani ya vifukofuko. Humo vinaweza kusubiri miezi kadhaa mpaka mnyama apite. Ndiyo maana unamwogesha Jumamosi na Jumatano viroboto wamerudi, nawe unamlaumu mwenye duka kwa kukuuzia dawa feki.

Fanya hivi, yote kwa siku moja:

- Toa matandiko ya mbwa. Yasiyo na thamani yachome. Mengine yachemshe, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa.
- Fagia banda, kona na uvungu wa vitu, kisha zichome taka hizo. Ukizimwaga nyuma ya nyumba umewahamisha tu.
- Mwaga maji ya moto kwenye nyufa za sakafu ya banda, mbwa akiwa mbali.
- Mtibu kila mbwa na kila paka wa nyumba hiyo, kila mmoja kwa dawa yake. Ukimwacha mmoja umeacha mbegu.
- Rudia usafi huu kila wiki kwa muda usiopungua wiki sita.

Kama banda la mbwa limepakana na la kuku, kagua masikio na kope za mbwa. Kuna viroboto wa kuku wanaojichomeka kwenye ngozi na kubaki pale pale kama mbegu za ulezi. Pia kuna utitiri wa kuku unaotoka usiku na kurudi kwenye nyufa asubuhi. Mbwa atajikuna na wewe hutaona kitu. Kumtibu mbwa peke yake hapo ni kazi bure. Tibu banda la kuku.

Kuhusu dawa yenyewe, nenda duka la dawa za mifugo lenye mtaalamu, ukiwa unajua uzito wa mbwa. Kumpima ni rahisi: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Mbwa mkubwa mpeleke kwenye mizani ya magunia. Siku hizi kuna dawa za matone za kuweka shingoni na vidonge vya kutafuna, kama vile vyenye fluralaner ambavyo kimoja hufanya kazi dhidi ya viroboto kwa wiki 12 hivi. Ni ghali kwa mara moja. Ukijumlisha sabuni na poda unazonunua kila mwezi, utakuta havikuzidi sana. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kabla ya kumpa.

Na tahadhari ambayo haina mjadala: dawa ya mbwa yenye permethrin ni sumu kali kwa paka. Usimpake paka, na usimwache alale na mbwa aliyepakwa muda si mrefu.

Vitu vya kuacha mara moja

Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome mara mbili, maana karibu kila kimoja nimekiona kikipendekezwa na mtu mwenye nia njema.

Oili chafu ya gari. Ni dawa ya mtaani ya upele kutoka Makambako stendi mpaka vijijini. Ndani yake kuna mabaki ya metali na kemikali, na mbwa huilamba yote. Anaweza kupona upele, ini na figo vikaanza kulipa deni.

Mafuta ya taa na dizeli. Huunguza ngozi, na akilamba yanaweza kuingia mapafuni.

Dawa za shambani. Mkoa wetu ni wa viazi, mahindi, chai na parachichi, kwa hiyo kila nyumba ina chupa stoo. Dawa ya wadudu wa viazi haikupimwa kwa ajili ya ngozi ya mbwa. Mbwa akianza kutokwa mate, kutetemeka na kuharisha saa chache baada ya "kuogeshwa", mwoshe kwa maji mengi na sabuni laini huku umevaa glavu, mkimbize kwa daktari, na chupa uende nayo.

Dawa ya josho kwa kukadiria. Amitraz ya ng'ombe ni kiambato kile kile kinachotumika kwa mbwa wenye upele, ila kipimo cha kifuniko cha chupa kimeua mbwa wengi. Haifai kwa watoto wa mbwa, wenye mimba na wenye kisukari. Ukielekezwa kuitumia, pima kwa bomba la sindano, tumia siku hiyo hiyo, mwaga iliyobaki mbali na maji.

Sindano ya ivermectin ya ng'ombe. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kilo 50. Sasa fikiria mbwa wa kilo 8: tone moja au mawili ya ziada si jambo dogo tena. Mbwa wenye asili ya wale wa kuchunga kondoo wa Ulaya, hata machotara wao, wengine wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Mbwa hulewa, hutanuka mboni, hupofuka, wengine hawaamki. Hii aichome daktari, baada ya kumwona mbwa.

Dawa zako za ngozi. Krimu nyingi za dukani zimechanganywa na steroidi. Zinatuliza mwasho kwa siku tatu, huku upele au fangasi wakijitanua chini yake. Vidonge vya prednisolone ni hivyo hivyo. Marhamu yenye zinki ni sumu yakilambwa mara kwa mara. Na paracetamol, ibuprofen au diclofenac usimpe mbwa hata kama analia kwa maumivu.

Bakuli ndilo duka la dawa

Kama ukaguzi haukuonyesha wadudu wala harufu, hapa ndipo pa kuanzia. Na hata kama ulionyesha, fanya haya sambamba.

Ngozi na manyoya ni wala protini wakubwa. Mbwa anayekula ugali na maji ya maharage anashiba, tena anaweza kunenepa, lakini ngozi yake inajengwa kwa makombo. Tatizo la pili halionekani: mahindi, hasa dona, yana kitu kinachoishika zinki tumboni isifyonzwe. Mtoto wa mbwa anayekua haraka, anayekula dona tu, kisha akaongezewa unga wa mifupa au chokaa ya mifugo "ili awe na miguu minene", anabanwa pande mbili, kwa sababu kalisi nyingi nayo huizuia zinki. Ukoko kuzunguka macho na nyayo kupasuka huanzia hapo.

Huhitaji chakula cha makopo. Kwa mbwa wa kilo 15 hivi, jaribu mpangilio huu:

- Ugali au wali usizidi nusu ya bakuli.
- Konzi moja au mbili za dagaa kila siku. Ludewa mna usipa wa Ziwa Nyasa, nao ni bora kabisa: una protini na yale mafuta ya samaki yanayopunguza mwasho. Loweka kwanza, umwage maji, kutoa chumvi na mchanga.
- Mara mbili tatu kwa wiki, utumbo, bandama au vichwa vya samaki vilivyochemshwa hadi mifupa ilainike.
- Ini kipande cha ukubwa wa vidole viwili, mara moja kwa wiki. Lisizidi.
- Yai lililochemshwa, mara mbili kwa wiki. Ute mbichi ukitolewa kila siku huzuia vitamini ya ngozi, kwa hiyo lichemshe.
- Mboga kidogo na maji safi muda wote. Asubuhi za Julai maji ya nje huwa baridi kiasi kwamba mbwa hayanywi, kwa hiyo mbadilishie yawe vuguvugu.

Nyama za machinjioni, hasa mapafu na maini yaliyokataliwa na mkaguzi, usimtupie mbichi. Huko ndiko mbwa hupata tegu wadogo ambao mayai yao yakimfikia binadamu huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Vitunguu na vitunguu saumu navyo viondoe kwenye mabaki ya mchuzi. Huharibu chembe za damu za mbwa.

Sasa mafuta

Ndiyo, sasa tumefika. Mafuta ya alizeti yana asidi ambayo ngozi ya mbwa inaihitaji ili kuzuia unyevu usitoroke, na mwili wake hauwezi kuitengeneza. Inafika kwenye ngozi kupitia damu. Kwa hiyo yamwagie juu ya chakula kilichopoa:

- Mbwa wa kilo 10: nusu kijiko cha chai kwa siku wiki ya kwanza, kisha kijiko kimoja.
- Kilo 20 na zaidi: anza na kimoja, fika viwili.
- Akiharisha, rudi nyuma nusu. Mbwa mnene au mwenye historia ya kutapika sana baada ya vyakula vya mafuta, uliza daktari kwanza.

Yasiwe mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Na usiuziwe mawese ukidhani ni alizeti. Baridi yetu inakusaidia hapa: mafuta yanayoganda dukani asubuhi ya Julai yana mawese. Alizeti yanaweza kuwa na ukungu kidogo chini ya chupa, lakini hubaki majimaji.

Kwa nini si mgongoni? Kwa sababu yakipakwa juu hukaa kwenye manyoya, yakashika vumbi lote la Makambako, mbwa akayalamba usiku, na wale fangasi wa hamira niliowataja hula mafuta. Mahali pekee ninapokubali kupaka ni nyufa za pua na viwiko vilivyokakamaa, mafuta mazito kidogo sana, kabla ya chakula au matembezi ili asahau kulamba.

Na parachichi?

Lazima niulizwe, maana ndiyo dhahabu ya Njombe kwa sasa. Kipande kidogo cha nyama ya tunda hakiwadhuru mbwa wengi. Lakini parachichi si salama kwa kuku, sungura na mbuzi, kwa hiyo usimwage makapi ambako kila mnyama anafika. Kokwa ni hatari kwa mbwa yeyote. Hukwama tumboni na upasuaji hauko karibu. Mbwa wanaozurura chini ya miparachichi huwa wananenepa, na mbwa mnene asiyeweza kufikia mgongo wake kujisafisha hupata mba hasa kiunoni.

Kumwogesha bila kumkausha ngozi

Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na uchachu wake ni mdogo, karibu na maji ya kawaida. Sabuni ya mche na ya unga zina magadi makali, huondoa mafuta yote ya asili. Mbwa hung'aa siku mbili, siku ya nne mba umerudi mara mbili. Nawe unasema sabuni ilikuwa kidogo, unaongeza.

- Kwa ngozi kavu, mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha.
- Mchane kwanza. Mba na manyoya mafu yatoke makavu.
- Chagua siku ya jua, kati ya saa sita na saa nane mchana. Kama hakuna jua Juni nzima, mchane kila siku na usimwogeshe.
- Maji ya vuguvugu ya kumwogeshea mtoto mchanga. Maji ya moto huzidisha mwasho.
- Tumia shampuu ya mbwa. Ikikosekana, shampuu laini ya watoto mara moja moja si dhambi.
- Shampuu yenye dawa iache mwilini dakika 10 kwa saa. Wengi husuuza baada ya moja, kisha wanasema haifanyi kazi.
- Suuza mpaka maji yatoke safi, halafu suuza tena. Sabuni iliyobaki kwapani ni mwasho mpya.
- Mkaushe kwa taulo mpaka kwenye ngozi. Asilale na unyevu.

Mwasho ukizidi, saga oti kikombe kimoja ziwe laini kama unga wa uji, koroga kwenye lita nne au tano za maji ya vuguvugu, mmwagie polepole kwa dakika 10, kisha msuuze kidogo. Baada ya hapo unaweza kumnyunyizia maji yenye gliserini, vijiko viwili vya chai kwa lita moja. Vyote hivi hutuliza. Havitibu upele wala viroboto.

Shubiri nayo watu huitumia. Ule utomvu wa njano chini ya ganda humharisha mbwa akiulamba, na sijaona mbwa asiyelamba. Mimi ningeiacha.

Anapolala

Wakati wa baridi mbwa wetu huhamia jikoni. Mtoto wa mbwa analala kwenye majivu ya moto kando ya mafiga, na majivu yakikutana na unyevu huwa magadi yale yale yaliyo kwenye sabuni. Tumbo na viwiko hukauka vikapasuka. Anayelala karibu na jiko la mkaa naye hukaushwa na joto, mbali na hewa mbaya anayovuta.

Mtengenezee banda lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, mlango ukiupa kisogo upepo. Maranda ya mbao hapa kwetu hayana shida. Chukua yale makubwa ya randa, uache unga laini wa msumeno, unaingia puani na kwenye ngozi. Nyasi kavu zinafaa zikibadilishwa kila wiki. Viroba vya mbolea visitumike kabisa, hata vikioshwa. Chembe za mbolea hubaki kwenye nyuzi, mbwa analalia na kulamba.

"Lakini mbona..."

"Mbwa wa babu alikula ugali mtupu na aliishi miaka mingi." Mbwa wa babu hakufungwa. Alizurura, akala panya, panzi, mizoga na mabaki ya mawindo, akarudi jioni kuomba ugali. Wa kwako yuko ndani ya ukuta na geti. Alichokipata babu yake porini sasa ni jukumu lako.

"Huyu ni mlinzi tu, siwezi kumnunulia shampuu." Mengi niliyoandika hayahitaji shampuu. Kitana, dagaa, kijiko cha alizeti na maji ya moto bandani. Tena mlinzi anayejikuna usiku kucha halindi. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumtenga mlinzi na kipenzi.

"Nimempa mafuta wiki moja, sijaona kitu." Hutaona. Ngozi ya mbwa huchukua takriban wiki tatu kujifanya upya, na mafuta ya chakulani huonyesha kazi kati ya wiki ya sita na ya nane. Mwasho wa viroboto hupungua mapema zaidi, ndani ya wiki chache, ikiwa nyumba nayo imesafishwa. Andika tarehe uliyoanza ukutani, la sivyo utabadilisha dawa kila Jumapili na hutajua kilichosaidia.

"Nimnyoe?" Msimu huu hapana. Manyoya ndiyo blanketi lake. Nyoa eneo dogo lenye kidonda tu, ili hewa ipite.

Lini umpeleke kwa daktari

Usisubiri wiki nane ukiona mojawapo ya haya:

- Vidonda, usaha, ngozi nyeusi iliyonenepa kama ya tembo, au harufu inayotangulia mbwa.
- Mabaka ya manyoya kunyonyoka kwa mbwa wa chini ya mwaka mmoja, hata kama hajikuni. Kuna utitiri unaoishi kwenye mashina ya manyoya ambao mwanzoni hauwashi.
- Mbwa mtu mzima anayenenepa bila kula zaidi, mvivu, anayetafuta joto kila saa, mkia ukipukutika. Hapo tezi ya shingo inahitaji kuchunguzwa.
- Watu wa nyumbani wameanza kujikuna.
- Mbwa aliyebadilika tabia, anayeng'ata hovyo au kujitafuna mahali pamoja alipowahi kung'atwa. Huyu usimshike. Mfungie, piga simu kwa afisa mifugo, maana kichaa cha mbwa kipo.

Mwombe daktari akwangue ngozi kwa wembe na kutazama kwa darubini. Ni kipimo cha dakika chache na ndicho kinachotenganisha upele, utitiri na fangasi. Kama kituo chenu hakina darubini, daktari anaweza kutuma sampuli. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Iringa.

Nenda na vitu hivi: mba uliochanwa ndani ya bahasha, picha za simu za siku za mwanzo, majina au chupa za kila ulichopaka, pamoja na kile unachoona aibu kukitaja, orodha ya anachokula, na kadi ya chanjo. Usimwogeshe siku tatu kabla, utamfutia daktari ushahidi. Kama kadi haina chanjo ya kichaa ya mwaka huu, achanjwe siku hiyo hiyo daktari akiona afya yake inaruhusu, na uulize dawa ya minyoo ikiwa miezi mitatu imepita. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla hamjafika mlangoni. Foleni za vituo vyetu huwa na kuku, mbuzi na watoto.